Dripu ya kwanza ya rituximab: neno "mzio" lililokaribia kumnyima mgonjwa dawa

Mgonjwa ni mwanamme wa miaka 67, mkulima wa karafuu, mkaazi wa wilaya ya Wete, Pemba. Kisa chake kimejengwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina yake, kwa hiyo asitafutwe mtu. Vipimo vya dawa na kasi za dripu ni vile vinavyotumika kweli.

Miezi mitano alikuwa akipungua. Kutoka kilo 70 alifika 62, shati likimloa usiku, na shingoni na kwapani akiwa na mitoki isiyouma. Alipimwa malaria mara mbili, hana. Alipewa dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Kilichobadilisha mambo ni mkono wa daktari mmoja uliopapasa tumbo na kukuta wengu umeshuka sentimita 9 chini ya mbavu. Picha kamili ya damu ikaonesha limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, 142,000 kwa mikrolita, wakati kwa mtu mzima wa afya hazifiki 5,000. Himoglobini ilikuwa 8.9, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 68,000. Kwenye kioo cha hadubini seli nyingi zilikuwa zimepondeka kama matone ya wino yaliyokanyagwa, alama inayojulikana sana ya lukemia sugu ya limfosaiti, aina ya saratani ya damu. Sampuli ilipelekwa Dar es Salaam kupimwa alama za juu ya seli: CD5, CD19 na CD23 zipo, CD20 ipo lakini hafifu. Tuikumbuke hiyo CD20 hafifu.

Wengi wenye ugonjwa huu hawahitaji dawa siku wanapogundulika. Huangaliwa tu, miezi mitatu mitatu, na ndugu zao hudhani wametelekezwa. Huyu hakuwa wa kuangaliwa: damu ilikuwa inashuka kwa sababu uboho umejaa, uzito ulipotea zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi sita, na wengu ulishapita sentimita 6. Akapangiwa chlorambucil, kemotherapi ya vidonge, pamoja na rituximab ya dripu, mizunguko sita ya siku 28. Ulaya na Marekani siku hizi wangeanza na vidonge vya aina nyingine, kama ibrutinib. Kilichokuwepo kwa mgonjwa huyu ni hiki, na kikitolewa vizuri kinafanya kazi.

Rituximab ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu waliigundua Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Rituximab yenyewe iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 na kuingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Inajibandika kwenye CD20 iliyo juu ya limfosaiti B, kisha kinga ya mwili yenyewe inazimaliza seli hizo. Haing'oi nywele, haichomi koo. Kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kusikia habari za kemotherapi huja akiogopa lisilokuwepo, na lililopo halijui: lile tetemeko la saa ya kwanza.

Siku yenyewe

Alivuka kwa boti ya Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, akalala kwa mwanawe mjini, akafika wodini asubuhi. Alikuwa ameshakunywa kidonge chake cha presha, amlodipine, kama kila siku. Hakuna aliyemuuliza.

Urefu sentimita 168, uzito kilo 62, eneo la mwili mita za mraba 1.70. Mzunguko wa kwanza ni miligramu 375 kwa kila mita ya mraba, yaani 638. Ikashushwa hadi 600, upungufu wa asilimia 6, ili isifunguliwe chupa nyengine ya miligramu 100 kwa ajili ya tone tu. Uamuzi huo ni wa kawaida, na hauna kosa. Chupa ya 500 na moja ya 100, jumla mililita 60, zikaingizwa kwenye mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 500 baada ya kutolewa mililita 60 za maji. Mfuko ukabeba miligramu 1.2 kwa kila mililita. Ulipinduliwa taratibu, haukutikiswa. Dawa hii ni protini, ikitikiswa hufanya povu na kuharibika. Akapewa parasetamoli gramu 1 na chlorphenamine, dawa ya mzio, miligramu 10. Steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hakupewa.

Dripu ikafunguliwa saa 4:10, kwa matone 60 kwa dakika, kama yanavyofunguliwa maji ya kawaida.

Hesabu iko hapa. Mrija uliotumika hutoa matone 20 kwa mililita. Matone 60 kwa dakika ni mililita 3 kwa dakika, mililita 180 kwa saa, sawa na miligramu 216 za dawa kwa saa. Kasi ya kuanzia rituximab kwa mara ya kwanza ni miligramu 50 kwa saa. Kwa mfuko ule, hizo ni mililita 42 kwa saa, matone 14 kwa dakika. Aliyezoea kuongeza maji watu wenye kuharisha akiona matone 14 huona dripu imeziba, na mkono wake unakwenda kwenye gurudumu kuifungua.

Saa 4:30 mzee akasema: "Mwanangu, mie naona baridi. Nitilie shuka jengine."

"Baridi ya feni hiyo, babu," muuguzi akamjibu, akazima feni, akamfunika.

Saa 4:35 kitanda kilikuwa kinagonga ukuta kwa mtetemeko. Joto 38.9, mapigo 124, presha iliyoanza 138/82 imeshuka 86/50, oksijeni asilimia 93. Dripu ilifungwa saa 4:40. Kwa nusu saa alikuwa amepata miligramu 108, wakati alitakiwa awe amepata 25. Baadaye mgonjwa mwenyewe alieleza kuwa kabla ya baridi alihisi koo linamtekenya na kiuno kinauma ghafla, lakini aliona haya kusema, kwa kuwa watu wana kazi nyingi. Wagonjwa wengi hueleza hivyo hivyo: kwanza koo au kiuno, kisha baridi, kisha tetemeko. Shuka la pili ni dalili. Anayeliomba afungiwe dripu kwanza, ndipo atafutiwe shuka.

Matibabu ya dharura yalikuwa mazuri: miguu iliinuliwa, maji ya chumvi yaliendeshwa kwa kasi kupitia mrija mpya (si kwa kusukuma kilichobaki kwenye mrija wa dawa, kosa linalofanyika sana), hydrocortisone (ambayo ni steroidi), chlorphenamine tena, oksijeni, na pethidine miligramu 25 polepole kwa ajili ya tetemeko. Saa 6 alikuwa amekaa, anakunywa uji.

Hapo ndipo likafanyika kosa kubwa zaidi ya matone. Mfuko wenye takriban miligramu 490 ulimwagwa, na kwenye kadi ikaandikwa kwa herufi kubwa: MZIO WA RITUXIMAB, ASIPEWE TENA.

Kwa nini neno lile halikuwa sahihi

Mzio wa kweli una sura yake. Hutokea kwa dakika chache, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshakutana na dawa kabla. Ngozi hutoka mabaka ya kuvimba na kuwasha, midomo na ulimi hujaa, kifua hubana na kupiga mluzi. Homa si sehemu yake. Mzee huyu alikuwa anaipata dawa kwa mara ya kwanza, ngozi yake ilikuwa safi, na alikuwa na homa na tetemeko. Hiyo ni sura ya seli nyingi kuvunjika kwa pamoja na kumwaga saitokini, kemikali za kinga zinazoleta homa na tetemeko, kwenye damu.

Sababu zilikuwa nne, na zote zilikuwepo kabla dripu haijafunguliwa. Limfosaiti 142,000: zikizidi 25,000 mgonjwa huhesabiwa kuwa wa hatari, na huyu alikuwa nazo karibu mara sita. Kasi mara nne na zaidi. Steroidi haikutolewa, na ndiyo inayozuia saitokini. Parasetamoli na chlorphenamine peke yake haziwezi. Na kidonge cha presha kilichotakiwa kisimamishwe muda wa saa 12 kabla ya dripu. Ukiondoa moja, pengine angetetemeka kidogo tu. Zilikutana zote.

Neno la kwenye kadi lina nguvu kuliko maabara. Daktari anayekuja baada yako atalisoma, hatakuwa na ujasiri wa kulifuta, na mgonjwa atabaki na chlorambucil peke yake, ambayo kwa ugonjwa huu ni tiba dhaifu zaidi. Kwa mgonjwa huyu zilipita wiki tano kabla mtu hajarudi kwenye karatasi ya uangalizi na kuhesabu matone. Karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri, saa kwa saa, na hilo ndilo lililomwokoa. Lingeandikwa "alipata mzio" tu, pasingekuwa na cha kuhesabu.

Vidonge kumi na tano

Katika wiki hizo alitumia chlorambucil: miligramu 30 siku ya 1 na ya 15, yaani vidonge 15 vya miligramu 2, vyote kwa mara moja, tumbo likiwa tupu. Nyumbani walipoviona vingi namna ile, bintiye akaamua kuvigawa kimoja kimoja kwa siku 15. Hakuwa mjinga, kila dawa aliyowahi kupewa ilikuwa ya kimoja asubuhi kimoja jioni. Iligundulika siku ya nne kwa simu, akarekebishwa. Tangu hapo vidonge vya kila dozi vilifungwa kwenye kifuko chake chenye tarehe. Vidonge hivi hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye sehemu ya kugandisha pamoja na samaki.

Baada ya mzunguko mmoja limfosaiti zilishuka hadi 61,000. Bado ni nyingi, lakini mzigo ulishapungua zaidi ya nusu.

Yaliyofanywa kabla ya kujaribu tena

Kadi ilipopitiwa, lilionekana jengine. Kipimo cha homa ya ini B kilichofanywa ni kile cha antijeni ya juu ya kirusi tu, na kilikuwa hasi. Hakitoshi. Mtu aliyewahi kuugua homa ya ini B ujanani na kupona hubaki na kirusi kimelala ndani ya ini, na kinachokilaza ni kinga. Rituximab ikiondoa limfosaiti B, kirusi kinaamka, wakati mwengine miezi mingi baada ya dripu ya mwisho, na ini linaweza kufeli kabisa. Kinachofichua ni kipimo cha kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Kichukuliwe kabla ya kuongezwa damu, maana damu ya mtu mwengine inaweza kumpa mgonjwa jibu chanya lisilo lake. Cha mzee kilirudi chanya.

Akaanzishwa tenofovir miligramu 300 kila siku, baada ya kupimwa VVU kwanza, kwa kuwa mwenye VVU akipewa tenofovir peke yake anafundisha kirusi usugu. Figo zake zilikuwa zinasafisha mililita 63 kwa dakika, kwa hiyo dozi kamili ilifaa, na kreatinini ikapimwa kila mwezi.

Kidonge hicho kilileta mtihani wa aina yake. Kopo lilionwa na jirani aliyelijua, na neno likatembea mtaani kuwa mzee "ana ule ugonjwa". Siku tisa hakukinywa. Tunashauri jambo hili lisemwe mapema, mbele ya mke na mtoto mmoja anayeaminika, kwa ruhusa yake: kidonge hiki kinatumika pia kwa VVU, wewe huna, chako ni cha kulinda ini, nacho utakinywa mpaka miezi 12 baada ya dripu ya mwisho angalau. Mwenye kuelezwa hivyo ana jibu la kumpa jirani. Asiyeelezwa hulificha kopo, na kinachofichwa husahaulika.

Jengine ni la Pemba hasa. Kuna mnyoo wa uzi unaoingia kwa ngozi ya mguu mtupu shambani na kukaa utumboni miaka mingi bila dalili. Ukimpa mwenye nao steroidi nyingi, mnyoo huzaana na kusambaa mwilini. Albendazole ya mara moja haiumalizi. Akapewa ivermectin mikrogramu 200 kwa kilo, vidonge vinne vya miligramu 3, kabla ya steroidi. Ni dawa rahisi, inayojulikana Zanzibar tangu kampeni za matende, na ni ajabu kuwa husahaulika wodini.

Allopurinol miligramu 300 ilianza siku mbili kabla, na maji lita 3 kwa siku, ili taka za seli zinazokufa zisizibe figo. Ilikuwa Shaaban. Mwezi wa Ramadhani ungemkuta katikati ya mizunguko, na mzee alikuwa tayari kufunga. Shehe wa msikiti wake alimkumbusha rukhsa ya mgonjwa na msafiri, naye kwa safari zile za boti alikuwa vyote viwili. Kauli ya shehe ilifanya kazi ambayo maelezo ya figo hayakuifanya.

Mara ya pili

Dozi iligawanywa siku mbili: chupa ya 100 siku ya kwanza, ya 500 siku ya pili. Mgao huo una faida ya ziada, kwamba hakuna chupa inayofunguliwa nusu.

Siku ya kwanza amlodipine haikunywewa. Saa moja kabla, dexamethasone miligramu 20 kwenye mshipa. Maelekezo hutaja prednisolone miligramu 100, na dexamethasone 20 haipungui hapo kwa nguvu. Nusu saa kabla, parasetamoli na chlorphenamine. Miligramu 100 ziliwekwa kwenye mfuko wa mililita 100 uliotolewa mililita 10, ikawa miligramu 1 kwa mililita, na hesabu ikawa nyepesi: miligramu 25 kwa saa ni mililita 25 kwa saa. Pampu haikuwepo. Badala ya mrija wa matone makubwa, ambao ungetaka matone 8 kwa dakika (nani ataweza kuyalinda saa nne?), ulitumika mrija wa watoto, wenye matone 60 kwa mililita. Kwa mrija huo idadi ya matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa. Matone 25. Soma pakiti kabla ya kuhesabu. Ipo mirija ya matone 15 inayofanana kabisa na ya 20.

Presha, mapigo na joto vilipimwa kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa. Mzee aliambiwa maneno manne ya kusema mara moja, bila kuona haya: koo, kiuno, baridi, kifua. Dakika ya 50 akasema "koo". Dripu ikafungwa dakika 20, dalili ikaondoka, ikarudishwa kwa nusu ya kasi, matone 12, kisha 25. Hakutetemeka.

Siku ya pili, miligramu 500 kwenye mfuko wa 500. Ilianza miligramu 50 kwa saa na kuongezwa 50 kila nusu saa, ikaishia 200 kwa saa. Kanuni inaruhusu hadi 400, lakini matone zaidi ya 67 kwa dakika hayahesabiki kwa jicho. Ilimalizika kwa saa tatu na robo. Yurik asidi, potasiamu na kreatinini vilipimwa asubuhi zote mbili na ya tatu, navyo vilitulia.

Mizunguko iliyofuata dozi hupanda hadi miligramu 500 kwa mita ya mraba, kwa sababu ile tuliyoiweka pembeni: CD20 ya ugonjwa huu ni hafifu, dawa inahitaji kuwa nyingi ili ishike. Kwake ilikuwa 850, akapewa 800. Kwa kuwa limfosaiti zilishashuka chini ya 25,000, ilianza miligramu 100 kwa saa na haikufika saa tatu.

Mzunguko wa nne ulichelewa wiki moja, nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zikiwa 600 tu. Wa tano ulikuja na mkanda wa jeshi ubavuni, akatumia aciclovir miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba. Bahari ilimzuia mara moja tu, kusi ilipochachamaa. Alikuwa na nia ya Hija, akauliza chanjo ya homa ya uti wa mgongo: si chanjo hai, anaruhusiwa, lakini miezi sita baada ya rituximab mwili hauitikii vizuri, kwa hiyo ingefaa ichomwe wiki nne kabla ya kuanza. Ilikuwa imeshachelewa, akashauriwa asubiri.

Baada ya mzunguko wa sita limfosaiti zilikuwa 3,100, himoglobini 12.4, chembe sahani 154,000. Ugonjwa haukuondoka, umetulia. Kwenye kadi maneno ya zamani yalikatwa kwa mstari mmoja, yakaachwa yasomeke, na ikaandikwa chini yake: "Si mzio. Alitetemeka kwa limfosaiti 142,000, kasi 216 mg/saa, bila steroidi. Amepata dozi sita baadaye salama. Tenofovir isisimamishwe." Na tarehe.

Swali lake la mwisho lilikuwa kama anaweza kupanda mkarafuu. Wengu ulikuwa bado unaguswa kwa ncha za vidole chini ya mbavu, na wengu uliowahi kuvimba vile ukipigwa na tawi unaweza kupasuka. Akaambiwa matawi ya chini tu, yale ya kufikiwa kwa mkono.

"Ya chini huchuma watoto," akasema, akaitia kadi mfukoni.